Wiki ya Asiyekuwepo

Benita alipoivua ile kofia ya sufu kutoka kwenye fuvu, ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana meza ilikuwa kivulini, na kule El Alto, mji wa juu milimani, kitu kikikaa kivulini hupoa kama jiwe la mtoni. Lilikuwa joto la kichwa cha mtoto aliyetoka kucheza. Ndani, kwenye mshono wa paji la uso, palikuwa na unyevu.

Akaikunja upesi, akaitia kabatini, akajiambia ni taa tu. Alikuwa ameisogeza taa ya cherehani ili picha itoke vizuri, na taa hupasha vitu moto, kila mtu anajua. Picha yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Benita alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mwaka ule alijiunga na wanawake wa mtaani katika mchezo wa picha. Kila Jumapili Roxana, jirani yake mwenye saluni, aliwatumia neno moja kwenye simu. Wiki nzima kila mmoja alilitafutia picha neno lile, na Jumamosi wakaonyeshana. Kulikuwa na wiki ya mikono, wiki ya mkate, wiki ya kitu chekundu. Sharti lilikuwa moja tu: kila picha ipewe jina.

Roxana ndiye aliyemvuta. Tangu binti yake mkubwa, Zulema, afe kwa homa ya mapafu akiwa na miaka sita, Benita alikuwa hajapiga picha ya kitu chochote. Mumewe, Fortunato, alikuwa dereva wa lori la mizigo ya bandarini Arica, na alipata kisingizio cha kutokuwepo. Benita hakuwa nacho.

"Shoga, utaota ukungu humo ndani," Roxana alimwambia. "Toka uitazame dunia. Hata kama ni kwa kitundu cha simu."

Na kweli ilimsaidia. Alianza tena kuona rangi. Binti yake mdogo, Wara, aliyekuwa sasa na miaka saba, ndiye aliyekuwa fundi msaidizi. Alimshikia kitambaa cha nyuma, akampangia vifungo mezani, akamcheka. "Mama, umekata kichwa cha bibi tena!" Nyumba ilianza kuwa na kelele.

Kisha likaja neno la wiki ile: Asiyekuwepo.

Fuvu lilikuwa mali ya mama mkwe wake, Bibi Hilaria, aliyeishi naye. Halikuwa jambo la ajabu. Nyumba tatu za mtaa huo huo zilikuwa na mafuvu yao rafuni, yakilinda mlango, yakiombwa hili na lile. Hili lililetwa na binamu wa Hilaria kutoka mji wa machimbo ya bati, makaburi ya zamani yalipofukuliwa kupisha wafu wapya. Lilikalishwa kwenye mto wa bluu, macho yamezibwa kwa pamba. Kila Jumatatu lilipata mshumaa, majani ya koka, na sigara iliyowashwa ikabanwa kwenye meno.

Lakini halikuwa na jina bado. Jina la fuvu halitungwi. Mwenyewe huja ndotoni, akasimama, akasema mimi ni fulani. Ndipo anapoitwa.

"Atakuja tu," Bibi Hilaria alikuwa akisema. "Wengine wana haya."

Benita hakusubiri. Alilivika fuvu kofia ya Zulema, ile yenye masikio marefu na vishada, akapiga picha, na chini yake, kwa kuwa sharti lilitaka jina, akaandika: Zulema. Jumamosi akaituma. Na wale wanawake, waliozoea kusalimia mafuvu tangu wangali wanabebwa mgongoni, wakalisalimu kama inavyopasa. Karibu, Zulema. Zulema mpenzi, utulindie watoto. Zulema, usitusahau. Salamu ziliingia mpaka simu ikawa ya moto mkononi.

Bibi Hilaria aliiona picha ile kwenye simu ya Roxana, saluni, nywele zake zikiwa na maji. Alirudi nyumbani vilevile, maji yakimchuruzika shingoni.

"Umempa jina la mtoto?"

"Ni picha tu, Mama."

"Watu wamemwita, Benita! Mtaa mzima umemwita!" Akaketi. Sauti ikashuka. "Na yeye hajatuambia ni nani."

Neno lililofuata lilikuwa Dirisha. Benita alimsimamisha Wara nyuma ya kioo. Kila kitu kilitoka wazi, hata vumbi, hata nzi aliyekufa kwenye fremu, isipokuwa uso wa Wara, uliotoka kama umefutwa kwa kidole.

"Ulitikisika."

"Sikutikisika."

Akapiga tena. Uso ukatoka vilevile.

Usiku huo Wara alianza kukohoa. Benita, ambaye alishazika mtoto kwa ajili ya kifua, aliruka kitandani kabla ya kikohozi cha pili. Mtoto hakuwa na homa. Lakini kikohozi hakikuwa cha mtoto. Kilitoka chini sana, kikavu, chenye mchanga ndani yake, kikohozi cha wanaume waliovuta vumbi la mwamba tangu ujana wao, kile ambacho kila mtu mwenye babu mchimbaji anakifahamu. Wara alikohoa, akageuka, akatema ukutani, na akaendelea kulala.

Daktari wa zahanati alimsikiliza kifuani akasema mapafu ni mazima kabisa. "Labda anaiga mtu," alisema. "Kuna anayekohoa nyumbani?"

Hakukuwa na mtu.

Likaja neno Kivuli. Jua la saa kumi lilikuwa kali uani, na Wara alisimama wima dhidi ya ukuta wa matofali, mikono ubavuni, kama alivyoelekezwa. Benita alitazama simu, akatazama ukuta, akatazama tena simu. Mtoto alikuwa amenyooka. Kivuli kilikuwa kimeinama, magoti yamekunjwa, kichwa kimeingizwa mabegani, kama mtu anayepita mahali penye dari fupi na mwenye mzigo mgongoni.

"Wara," alinong'ona, "njoo hapa kwa mama."

Wara hakuja. Alikuwa anatafuna kitu. Shavu moja lilikuwa limetuna, na ute wa kijani ulimtoka pembeni mwa mdomo. Rafuni, kisahani cha majani ya koka kilikuwa kitupu.

"Puro iko wapi?" mtoto aliuliza. Puro ni ile pombe kali ya wachimbaji, na nyumbani kwao haikuwahi kuingia.

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Nina baridi," alisema Wara, kwa upole, kama anayemsihi mgeni mlangoni. "Tone moja tu, bibie. Nishuke nalo."

Bibi Hilaria alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Hakuiangusha. Aliiweka chini polepole, akamshika Benita mkono, akamvuta jikoni.

"Amekuja," alisema. "Jana nimemwota."

"Nani?"

"Mwanamume. Mzee wa watu, kofia ngumu mkononi, amelowa hadi magotini. Alisimama pale, kwa adabu kabisa. Nikamwambia sema, baba, tukuite nani? Akafungua mdomo." Hilaria akaziba wake kwa shali. "Akasema Zulema. Akashtuka mwenyewe. Akajaribu tena. Zulema. Alikuwa analia, mwanangu. Jina lake analitafuta, na kila akifungua mdomo linatoka la mtoto wetu."

Nyuma yao, uani, kikohozi kilianza.

Mzee Saturnino, mganga, alikuja kesho yake mchana. Alitandaza kitambaa chake sakafuni, akadondosha majani ya koka, akayatazama. Kisha akamtazama Wara aliyekuwa amechuchumaa pembeni ya jiko, mikono imening'inia katikati ya magoti, kama wanaume wanavyopumzika.

"Huyu si mbaya," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Huyu ni mtu mzima aliyeitwa kwa jina la mtoto, na mtoto yumo humu ndani, basi ameingia mle alimoitwa."

"Mtoe," alisema Benita.

"Siwezi mimi. Aliyempa jina ndiye atakayemvua." Alimsogelea. "Nisikilize vizuri, mama. Utamtazama usoni umwambie, wewe si Zulema. Basi. Jina hilo likimtoka, atabaki na nafasi ya lake, na nitamrudisha kwao. Lakini jina likianza kumtoka litaumia, na litapiga kelele kwa sauti yoyote litakayoipata. Usiitikie. Ukisema hata ndiyo, umelitoa jina mara ya pili, na mara hiyo ndani ya mtoto hubaki yule uliyemwitikia tu. Umenielewa?"

"Na Wara?"

"Ndiye tunayempigania. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema tena nilivyokuambia."

Akasema tena, neno kwa neno, kama mwanafunzi.

Walimkalisha Wara kwenye kigoda, fuvu likawekwa mbele yake juu ya mto wake. Saturnino alichoma uvumba na mafuta ya mnyama lama, na moshi ulijaa chumba, lakini chini ya moshi ilikuwepo harufu nyingine iliyokuwa ikipanda tangu asubuhi, harufu ya baruti na mawe yaliyolowa na tumbaku ya bei rahisi, na ilikuwa ikitoka kwenye nywele za mtoto ambazo Benita alikuwa amezisuka kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga magoti. Akamtazama. Mahali fulani nyuma ya yale macho mekundu, yaliyochoka kama ya mzee, alimwona Wara, kwa hakika alimwona, mdogo na mbali, kama mtu anayeonekana mwishoni mwa handaki.

"Wewe si Zulema," alisema.

Kikohozi kilikatika.

"Wewe si Zulema. Wewe ni mgeni. Jina hilo si lako."

Mwili wa mtoto ulianza kutetemeka, mikono ikashika kingo za kigoda, na kutoka kooni ikatoka sauti ya mwanamume mzima akivuta pumzi kwa taabu kama anayetolewa chini ya kifusi, na meno ya fuvu yakagongana, na mshumaa ukalala upande bila upepo, na Bibi Hilaria akaanza kusali kwa Kiaymara, lugha ya kwao, na Saturnino akasema, "Vizuri, usiache, anatoka, anatoka," na mdomo wa Wara ukafunguka, na ulimi ukagusa meno ukitafuta herufi ya kwanza ya jina jingine, jina la mtu mzima, na Benita akaliona linakuja, na ndipo, katikati ya pumzi ile, sauti nyingine ikasema:

"Mama, miguu yangu ina baridi."

Haikuwa ya Wara, wala ya mzee. Ilikuwa sauti yenye kithembe cha jino la mbele lililong'oka, na maneno hayo yalisemwa mara moja tu duniani, wodini, alfajiri, na Benita alikuwa amejibu subiri nikakutafutie soksi, akatoka, na aliporudi na soksi muuguzi alikuwa ameshavuta shuka.

"Usiitikie," alisema Saturnino.

"Mama? Umezipata?"

"Benita! Mtazame Wara! Mtazame Wara!" Hilaria alipiga kelele.

Benita alimtazama Wara. Alimwona vizuri kabisa, mwishoni kule, akimngoja. Akafumba macho.

"Nimezipata, mwanangu," alisema. "Mama yuko hapa."

Chumba kikatulia. Mshumaa ukasimama. Harufu ya baruti ilitoweka kama mlango umefungwa.

Saturnino alikusanya majani yake moja moja, akakunja kitambaa. Hakumlaumu. Mlangoni alisema tu, "Fuvu mlizike popote. Halina mtu tena." Tangu siku ile Bibi Hilaria alikaa jikoni akimenya viazi, na kila mara mtoto alipopita alijikunyata kwa shali lake.

Maana mtoto alikuwa mzima. Hakukohoa. Alikula, alicheza, alitoka wazi kwenye kila picha, akitabasamu mdomo umefungwa, kama Zulema alivyozoea kuficha lile pengo. Shuleni mwalimu alimwita Wara na hakuna aliyeinua mkono. Benita naye alijaribu. Alimwita wakati wa chakula, wakati wa kuoga, alimwita akiwa amelala, mdomo sikioni. Alimwita akichungulia ndani ya yale macho kama mtu anavyochungulia kisimani. Wiki ya kwanza alidhani anaona kitu kinasogea huko. Wiki ya pili hakuona.

Jumapili Fortunato alipiga simu kutoka Arica, na nyuma yake malori yalikuwa yakinguruma.

"Mbona sauti yako hivyo? Mmelala njaa?" alitania. "Haya, nipe yule fundi msaidizi wangu. Nipe Wara."

Benita alitaka kusema. Kisha akamwekea mtoto simu sikioni.

"Baba," alisema mtoto, kwa kithembe chake. "Utakuja lini?"

Upande wa pili malori yaliendelea kunguruma. Hatimaye sauti ya Fortunato ikaja, ndogo, imepasuka.

"Zulema?"

Jikoni kisu cha Bibi Hilaria kilikoma. Bado palikuwa na nafasi ya kuinyang'anya ile simu kabla mtoto hajajibu. Benita alipiga magoti, akaikaza vizuri zaidi kwenye sikio dogo, na kuegemeza kichwa chake karibu, ili naye asikie.