Mahali pa Maulida

Aliyemwambia Joviana kwanza habari ya sakafu ya jiko lake alikuwa Mastura, jirani yake wa mtaa wa Bilele. Alimwambia uani, akichambua maharage, kama mtu azungumzaye habari za mvua. Alimwonya asiguse ubao wa karibu na mlango wa jiko. Hapo ndipo alipokuwa akikaa marehemu Maulida, akiwabembeleza watoto wa mtaa wakati mama zao wanapika. Mmoja alilala mapajani pake, hakuamka tena.

Joviana alicheka kwa adabu. Akili yake ilikuwa kwa mama mkwe. Mama yake Buberwa, mumewe, angeshuka jioni ile na lori kutoka Muleba, mara yake ya kwanza kuwatembelea, na jiko lile la mbao walilojenga Wajerumani lilikuwa jeusi kwa moshi na mafuta. Kijijini kwao Ijumbi mkwe hutandaziwa nyasi mbichi. Yeye amkaribishe juu ya masizi?

Buberwa alikuwa amezipiga randa mbao zote za sakafu isipokuwa ubao ule mmoja, akaenda kumpokea mama yake. Joviana akachukua msasa, mtoto mgongoni. Ubao ulikuwa umebonyea katikati, kama kigoda kilichokaliwa miaka mingi. Akasugua mpaka pale palipobonyea pakaanza kupotea.

Harufu ikatoka... si ya mbao. Ya maziwa yaliyochacha.

Jua lilikuwa linazama alipoona miguu mlangoni. Ya kizee, mitupu, imesimama juu ya vumbi la mbao.

Joviana aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mkwe amefika, naye ana vumbi hadi kwenye kope! Akapiga magoti, akainamisha macho, maana alivyolelewa, mke wa mwana hamkodolei mkwewe macho.

"Kasinge waitu," alinong'ona, akimwamkia kwa lugha ya kwao.

Mgeni aliingia. Aliketi taratibu, pale pale kwenye ubao.

"Umepasawazisha," alisema. "Sasa nitakaaje?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka ukute pazuri."

"Nipe mtoto."

Angekataaje? Alifungua mbeleko, akamtoa mtoto kwa mikono miwili, macho chini. Vidole vilivyompokea vilikuwa baridi... baridi ya jiwe la kisimani. Akakimbilia uani kuleta kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni, akimshukuru Mungu kwamba hakukaripiwa.

Huko akasikia Buberwa anacheka barabarani. Na sauti ya mwanamke inamjibu, ikililalamikia lori.

Joviana alisimama.

Akarudi mbio jikoni.

Mtoto alikuwa juu ya ubao, peke yake, amelala. Akamtikisa. Hakuamka. Akampuliza usoni, akamfinya kwa nguvu... ndipo alipolia.

Mama mkwe aliingia, akaona alama ya kucha kwenye paja la mjukuu wake, akauliza nani amemfinya. Joviana hakuthubutu kusema kwamba amempa mwanawe mtu asiyemjua hata sura. Alisema ni siafu.

"Siafu ana kucha?" mama mkwe alimwuliza Buberwa, si yeye. "Ndiye mke uliyetuletea huyu?"

Asubuhi mama mkwe alinyoosha mikono ampakate mtoto. Joviana alipiga magoti kama desturi. Kisha akainua macho, akamtazama usoni, kipaji, macho, midomo, bila kupepesa, mpaka mzee wa watu akaona haya, akageuka pembeni.

Na bado hakumpa mtoto.