Mzee Aliposema "Hakuna"

Cheche ziliruka karakanani. Binti alikuwa akichomelea geti la shule. Mzee, baba yake, alikaa pembeni akimsifia kwa kila mteja.

"Fundi huyu ni wangu!"

"Baba, kizuri chajiuza. Unanitia aibu."

"Hata kizuri kinahitaji mpiga debe, mwanangu."

Lakini siku hizo mzee alicheka mdomoni tu. Binti alikuwa na miaka ishirini na tisa, na titi lake la kushoto lilikuwa na saratani. Daktari alipanga kutoa uvimbe tu, kisha kumpa matibabu ya mionzi.

Hospitalini, muuguzi alifungua faili.

"Kuna ndugu aliyeugua saratani akiwa bado kijana?"

"Hakuna," mzee alimjibu upesi.

Binti akageuka. "Na shangazi?"

"Alidhoofika tu."

"Na marehemu kaka yangu?"

"Aliumia mguu mpirani. Hujui?"

Mzee alikwepa macho ya bintiye. Miaka mingi alificha maradhi hayo, watu wasije wakasema ukoo wake una mkosi.

Muuguzi hakumkaripia. "Mzee wangu, sitaki kukuchafulia jina. Familia chache hurithishana hitilafu ndogo mwilini. Kinga yao dhidi ya saratani huwa dhaifu. Mionzi huponya wengi, wala tusiiogope bure. Lakini mwenye hitilafu hii, mionzi inaweza kumletea saratani nyingine baada ya miaka. Tukijua mapema, daktari huangalia kama kuna njia nyingine."

"Na nikinyamaza?"

"Ataumia binti yako."

Mzee alivua kofia.

"Dada yangu alikufa kwa saratani ya titi, akiwa na miaka thelathini na mbili. Mwanangu wa kwanza, saratani ya mfupa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Andika, mama. Andika yote."

Binti alimshika mkono.

Damu ya binti ilipimwa. Kweli, alikuwa amerithi hitilafu hiyo. Madaktari walikaa wakabadili mpango. Walimtoa titi lote, wakampa dawa, bila mionzi.

"Si kila mgonjwa hutibiwa hivi," daktari alimwambia. "Wewe tumekupimia matibabu yako mwenyewe. Na kila mwaka uje tukuchunguze."

Miezi ikapita. Binti alirudi kazini, kifua mbele. Mzee akaita ndugu wote nyumbani, akasimama akawaeleza kila kitu.

Mdogo wake alinong'ona, "Kaka, mambo ya ndani unayatoa nje?"

"Nayatoa! Mficha maradhi, kifo humfichua. Nilificha, nusura nimpoteze huyu. Hatuna laana. Tuna ugonjwa, na ugonjwa una daktari."

Mdogo mtu aliwatazama wanawe watatu, akajikuna kidevu.

Binti akafungua daftari. "Haya, nani anatangulia kwenda kumwona daktari?"

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.