Gwantwa Amefumbwa Macho

Gwantwa alikuwa akimpimia mteja kitenge kando ya foleni ya malori Tunduma, alipomwona kijana wa kaptula nyeupe amesimama katikati ya makelele, macho kayafumba, mkono wa kulia ukipanda na kushuka. Mkononi hana kitu. Basi mteja akaachwa na kitenge chake, maana udadisi wa Gwantwa haukuwa na dawa.

"Kaka, unapigana na nani?"

"Nacheza tenisi."

"Mpira uko wapi?"

"Kwenye lori." Alionyesha kwa kidevu foleni isiyosogea. "Lakini kichwani ninao."

Gwantwa alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Ila swali lilimganda: mtu anajifunzaje mpira bila mpira?

Jioni akaenda kuona. Kijana huyo, Jastin, alifundisha kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa.

"Fumba macho, dada. Sikia mpira ukigonga nyuzi za raketi. Haya, unaona nini?"

"Sufuria ya maharage."

"Ipua, turudi uwanjani."

Tangu hapo, akikunja vitenge, anaanzisha mpira kichwani. Simu ikilia ni Jastin: "Mpira umeingia, mpenzi?" "Umegonga wavu." "Hata kichwani?" "Hata kichwani!" Hakujua "dada" iligeuka lini "mpenzi," na kwa mara ya kwanza maishani hakuuliza.

Lori lilipofika, mpira wake wa kwanza wa kweli ulivuka wavu ukadunda ndani ya mstari. Jastin alitoka mbio nje ya uzio akipiga simu. Gwantwa akamfuata amkumbatie, akamsikia:

"Gwantwa? Nimeshamfumba macho, bwana! Haoni kingine!"

Akageuka, asimkumbatie. Kumbe alikuwa akichezewa.

Simu hakupokea tena. Akarudi kwao Mbebe, akashika jembe. Lakini akifumba macho tu, mpira huo hapo, na ng'ambo ya wavu Jastin yule yule. Akamtoa kichwani, akamweka mchungaji wa kanisa mahali pake. Mpira ukaenda nje. Alimpenda Jastin, na iliuma. Halafu swali likamganda tena: alifumbwa, au alifumba mwenyewe? Akateremka tena Tunduma kwenda kuuliza.

"Ulimwambia nani umenifumba macho?"

"Kaka yangu! Kwamba umejifunza kwa kufumba, huoni kingine ila mpira..." Jastin akashika kichwa. Maneno yake yalikuwa yamemfikia. "Mungu wangu. Nisamehe."

"Fumba wewe sasa." Gwantwa akamfunga kitenge usoni. "Unaona nini?"

"Unaanzisha mpira. Kisigino cha kushoto kinainuka mapema. Unang'ata mdomo. Hereni inatikisika, moja, nyingine uliipoteza hapa."

"Endelea."

"Naona mlango. Viatu vyako viko nje, vyangu viko kando yavyo. Niko Mbebe, nimepiga magoti kwa mama yako, naomba nikuoe." Akaligusa fundo la kitenge. "Anakugeukia wewe. Hapo sioni tena. Sioni unajibu nini."

Gwantwa alikifungua kitenge.

"Basi tazama."

Alikuwa analia, anaitikia kwa kichwa, na hereni moja inatikisika.