Oili Chafu Uani

Vumbi la ua ule halikuwa na adabu. Liliingia jikoni bila hodi, likalala kwenye masufuria na kupanda nguo zilizoanikwa. Gari moja likigeuza, nyumba nzima inapiga chafya.

Fundi alikuwa na dawa yake. Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya paa la mabati. Kila alipobadilisha oili ya gari, ile chafu aliikinga kwenye karai. Jioni aliitia ndani ya mkebe aliotoboa matundu kitakoni, akazunguka uani akinyunyiza taratibu, kama mtu anayemwagilia maua. Udongo ukawa mweusi na mgumu, vumbi likatulia.

"Hata vumbi linakuogopa," mkewe alimtania.

Majirani wawili wakaomba oili wakanyunyize kwao. Fundi akawapa, na kuwafundisha. Alifanya hivyo miaka minne.

Nyuma ya nyumba, pale ua unapoteremka, palikuwa na kisima cha mita saba alichochimba marehemu baba yake. Ukingo wake wa saruji ulikuwa umepasuka upande mmoja, na kila mtu alisema atauziba kesho. Maji yake waliyanywa watu watano: Fundi, mkewe, watoto wawili na mama yake Fundi. Mkewe aliyatumia pia kumwagilia miche ya mboga na matunda aliyokuwa akiuza.

Mwaka ule mvua zilinyesha kwa nguvu. Wiki ya pili, mama alinusa kikombe chake, akakirudisha mezani.

"Chai hii inanuka kama suruali yako ya kazi," alimwambia Fundi.

"Mama, ninayenuka ni mimi, siyo chai."

"Wewe nimekuzoea. Chai ndiyo sijaizoea."

Mkewe akaleta ndoo. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Fundi aliutazama kidogo tu.

"Hiyo ni kutu ya ardhini. Visima vya zamani ndivyo vilivyo."

"Basi tuyachemshe," mama akasema.

Wakachemsha siku nne. Harufu haikuondoka. Siku ya tano majani ya miche yalianza kukauka kwenye ncha, kisha mche mmoja ukalala, kisha safu nzima. Mkewe hakubishana na mtu. Alijifunga kitenge, akaenda ofisi ya maji, akarudi na mpima maji. Mwanamke huyo alibeba sanduku la chupa kila aendako, hivyo mtaani walimwita Mama Chupa.

"Ungeniambia kwanza," Fundi alimnong'oneza mkewe.

"Ningekuambia, ungenijibu kutu."

Mama Chupa alijaza chupa zake, akaziandika tarehe. Kisha akaomba kijiti, akampa Fundi.

"Uguse huo utando katikati."

Fundi akagusa. Utando ulifunguka, kisha ukajifunga tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Ingekuwa kutu, utando ungevunjika vipande kama kioo, na vipande vingebaki vimetengana," Mama Chupa alisema. "Huu umerudi kukumbatiana. Ni mafuta. Maabara itatuambia ni kiasi gani, lakini tangu leo msinywe maji haya."

"Tumeyachemsha," mama alisema.

"Kuchemsha huua vijidudu, Mama. Oili haina uhai, kwa hiyo haifi. Wala chembe za madini zilizotoka kwenye injini haziondoki."

"Lakini mimi namwaga kule mbele," Fundi alisema. "Kisima kiko nyuma."

Mama Chupa alichukua ndoo ya maji ya mvua. Akayamwaga kwenye ule udongo mweusi. Hayakuzama. Yaliteleza juu yake kama juu ya sahani, yakachukua rangi zile zile za upinde, yakapita pembe ya nyumba na kuteremka. Fundi aliyafuata kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka alipoyaona yakiingia kwenye ufa wa ukingo.

Alichutama, akapitisha kidole kwenye ufa, kikatoka na mafuta.

"Basi nitakuwa naichoma," alisema mwishowe.

"Ukiichoma, umeihamisha tu. Itatoka ardhini iende hewani, na moshi wake una sumu. Watoto wako wanapumua hewa ya wapi?"

Akakifunga kisima kwa kifuniko na kufuli. "Tutayavuta maji yote, na wewe utasafisha ua. Nitapima baada ya miezi mitatu, kisha sita. Yasipotakata, kisima kitafukiwa."

Mama alisubiri mpaka mgeni alipoondoka.

"Baba yako alikichimba kwa sururu, kiangazi kizima," alisema. "Wewe unakifukia kwa mkebe."

Usiku ule Fundi hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alianza na koleo. Alikwangua udongo wote mweusi, akautia kwenye mapipa yenye vifuniko, na gari la ofisi ya maji likaupeleka mahali palipotengwa kwa taka za aina hiyo. Uani akamwaga udongo safi na kokoto juu yake. Kokoto zikakamata vumbi vizuri kuliko oili. Sakafu ya gereji akaimwagia zege. Oili chafu sasa iliingia pipani kwa faneli, na kila mwezi lori la kiwanda kinachosafisha oili liliichukua. Matone yaliyoanguka aliyafunika kwa unga wa mbao, akauzoa na kuuweka kwenye pipa la peke yake. Ukingo wa kisima aliujenga upya, na mfereji akauchimba kuuzunguka.

Maji ya nyumbani aliyafuata bombani, mwendo wa dakika ishirini, madumu sita kwenye mkokoteni. Njiani aliwapitia wale majirani wawili.

"Juzi mwalimu wa kunyunyiza, leo mwalimu wa kuacha," mmoja alimcheka. "Tukuamini yupi?"

"Mwamini huyu anayesukuma mkokoteni."

Jumamosi iliyofuata jirani huyo alikuja kuazima koleo.

Baada ya miezi mitatu majibu hayakuwa mazuri: oili ilikuwa imepungua, lakini ilikuwepo. Maji yakavutwa tena.

Mwezi wa sita Mama Chupa alikuja na karatasi. Wote walitoka kumsikiliza.

"Oili haikuonekana," alisoma. "Madini yako chini ya kiwango kinachoruhusiwa."

"Hakifukiwi?" mama aliuliza.

"Hakifukiwi, Mama. Ila nitapima kila mwaka."

Alifungua kufuli. Fundi alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono kushika kamba, lakini mkewe aliivuta kamba upande wake.

"Umetoka chini ya gari sasa hivi. Kanawe."

Fundi akatazama mikono yake. Akarudi gereji, akanawa kwa sabuni, akaikagua, akanawa tena. Aliporudi alimwonyesha mkewe viganja vyote viwili, juu na chini.

Mkewe akampa kamba.