Mjomba wa Kuazima Mbele ya Kamati

Nina miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Msambweni. Hadi leo simu ikiita kwa nambari nisiyoijua, siipokei. Wasomaji wenzangu, kilichoniponza mimi ni woga!

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Siku ya mtihani wa takwimu niliingia na mwakenya, kikaratasi cha majibu nilichokikunja ndani ya mkono wa buibui. Msimamizi akakinasa kabla sijakifungua... Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nije na mzazi au mlezi.

Mzazi! Baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Nusu ya mtaa wetu imeonja bakora yake. Nitamwambiaje kwamba bintiye, yule anayemtaja kuwa mfano kwa wenzake, amenaswa akiiba mtihani? Chakula kilinishinda. Kila nikishika simu nimpigie, niliirudisha chini.

Sharon, tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja Ukunda, alinicheka. "Hiyo ni kitu ndogo, Mejumaa. Azima mzazi! Watu wanafanyanga hivyo."

Akanikutanisha na Kyalo, mhudumu wa hoteli kule Galu, mtu mzima wa bara mwenye mvi na sura ya heshima. Kwetu Wadigo, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dadake. Nikaona hapo ndipo pa kupenyea. Nilikwenda nyumbani kama wa kusalimia, nikaichukua kwa siri kofia ya Baba ya Ijumaa, ile aliyoshonewa na mama kwa mkono wake. Nikamvika Kyalo, awe mjomba wangu.

Mbele ya kamati Kyalo aliitikia kwa kichwa tu, kama tulivyopatana. Nikaanza kupumua... Kumbe bado! Bi Mwanaidi, mhadhiri kutoka Tiwi, alimgeukia kwa adabu zote za kipwani.

"Shikamoo, mjomba. Za nyumbani? Wazee hawajambo? Mashamba je?"

"Marahaba, madam. Kila kitu iko sawa."

Bi Mwanaidi akamkazia macho. "Alhamdulillahi. Na dadako, mamake huyu mtoto, ni wa mbari gani?"

Ya Rabi! Mjomba asiyejua ukoo wa dadake? Hilo sikumfundisha! Kyalo alinitazama, nami nikainama.

"Dada yangu... yeye yuko salama, madam. Anawasalimia sana."

Mama yangu, tuliyemzika nikiwa darasa la sita, anawasalimia! Na faili yangu ilikuwa wazi pale mezani, imeandikwa kwamba mama ni marehemu.

Kyalo aliinuka, akaivua kofia, akaiweka mezani. "Mimi nilikuwa nasaidia tu. Mambo yake ajieleze mwenyewe." Akatoka bila kunitazama, akaniacha peke yangu.

Walimpigia Baba pale pale. Nilingoja kwenye benchi nje, kwenye lile jua la mchana. Kila nikisikia kandambili zikija, niliinua kichwa. Alipofika alikuwa kichwa wazi, kwa sababu kofia yake aliitafuta asubuhi yote asiione.

Tuliingia ndani, akaiona mezani. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa mama, akaivaa. Nilifumba macho nikingoja kishindo.

"Mimi ndiye babake," alisema polepole. "Alichokosa mtoto nimekosa mimi. Nawaomba radhi."

Mwenyekiti alimshukuru, kisha akaniambia ukweli ulionimaliza. Kwa mwakenya ningesimamishwa muhula mmoja, nirudi, nirudie somo. Kwa kuidanganya kamati, nimefukuzwa chuo. Kufukuzwa! Na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki!

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo Baba aliponiuliza, "Mejumaa, mwanangu, ulidhani sitakuja?"



Wadogo zangu mlioko vyuoni, nawasihi kwa jina la Mungu. Ukikosea, mpigie mzazi wako hata kama sauti inakatika. Mtu wa kuazima hawezi kukuombea radhi. Usiogope bakora... mimi niliiogopa, na Baba hakuigusa siku ile, wala hajaigusa mpaka leo. Siku hizi Ijumaa huenda msikitini na kofia nyingine, ya dukani; ile ya mama haivai tena. Laiti angenichapa!