Ghala Halinunui Zipu

Kila Jumamosi Nice aliamka kabla ya jua, akasali na mama yake, kisha wakatoka Magomeni kwenda Kariakoo kupanga meza ya zipu, vifungo na nyuzi. Kwa miaka mingi meza hiyo ilikaa barazani kwa Mzee Ghanshyam, muuza vitambaa. Mteja akitoka dukani na kitambaa chake, hakosi kugeukia zipu.

Ndipo mtaa ukafanya mkutano. Njia ilikuwa imezibwa na meza, watu wakipita ubavuubavu. Ikaamuliwa kwamba meza zote zihamie mwanzo wa mtaa, kwa majaribio. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali alikuwa Mzee Ghanshyam.

Nice aliuona mkono ule. Hakulia, ila aliuweka moyoni.

Mahali pao papya ndipo walipoingilia mtaani wanunuzi wageni wa Zambia, Kongo na Komoro, wengi wao siku ya Jumamosi.

"Mtoto, kwa Ghanshyam ni wapi?"

"Amefunga, mama. Jaribu mtaa wa pili."

Mgeni akageuka na mabegi yake. Nice akamsindikiza kwa macho, moyo ukimburudika kama aliyekunywa maji ya dafu. "Onja na wewe, mzee," akanong'ona. Kila mama yake alipoinama kupanga bidhaa au kwenda kuchota maji, Nice aligeuza mgeni mwingine.

"Una roho mbaya wewe!" alicheka rafiki yake Badria, ambaye mama yake aliuza wali pale jirani.

"Bado. Nataka duka lile lifuge buibui."

Jumamosi moja Badria alikuja mbio. "Nice! Ghanshyam anafunga! Kapata mpangaji anayetaka kuligeuza duka liwe ghala."

Nice akapiga makofi, akamkimbilia mama yake. "Mama, Mungu katulipia! Ghanshyam anaondoka!"

Mama Nice alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyojaa kama alivyoipanga asubuhi. Hakutabasamu.

"Halafu zipu zetu atanunua nani?"

"Wateja."

"Wateja gani? Ghala halinunui zipu, mwanangu. Malori yanashusha, mlango unapigwa kufuli, basi. Huoni siku hizi hakuna anayesimama hapa? Asiyenunua kitambaa atashonea zipu wapi, kwenye ngozi yake?"

Nice akaitazama meza iliyojaa. Kumbe kila aliyemfukuza alikuwa mteja wa mama yake pia.

Jioni mtaa ulikutana tena. Mzee Ghanshyam akasimama. "Wageni wameniambia: mliona nimewahamisha, mkanifukuzia wateja. Haya! Mimi nawaletea malori mlangoni, tuone mtamuuzia nani."

Watu wakazomea. Kabla Mzee Shomari, mwenyekiti wa mtaa, hajawanyamazisha, Nice akasimama.

"Shikamoo, mzee. Si wao. Ni mimi niliyewaambia wageni umefunga."

Mama yake akafunika uso kwa khanga. Mzee Ghanshyam akamtazama Nice bila kuitikia salamu yake.

"Umenikomoa kweli," akasema.

"Ndiyo, mzee. Na mama yangu pia nimemkomoa."

Bharti, mke wa mzee, akamgeukia mumewe. "Baba Jeet, sasa wewe unataka kukomoa mtaa mzima? Umri huo unashindana na mtoto?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mzee Ghanshyam hakucheka. "Sijakusamehe bado," alimwambia Nice. "Lakini duka sitalipangisha."

Wakapanga upya. Meza zitakaa safu moja kando ya kuta, njia ibaki wazi, na kila bidhaa ikae karibu na mwenzake: zipu kwa vitambaa, kamba kwa mabegi. Malori ya bidhaa za maduka yatashusha alfajiri tu. Na Nice atawapeleka wageni hadi mlangoni kwa Ghanshyam kila Jumamosi, mpaka mzee mwenyewe aseme basi.

Mzee Shomari akafunga mkutano.

"Mgeni hatoki Lusaka kumfuata Ghanshyam, wala Mama Nice. Anafuata gauni: kitambaa huku, zipu kule, na sahani ya wali katikati. Akikosa kimoja, anahamia mtaa wa wenzetu na harudi. Tukipanga mtaa kwa chuki, tunawapangia njaa watoto wetu. Kisasi mwachieni Mungu, maana yeye hana duka la kufunga."