Taulo la Mwimbaji

Rafiki yangu mmoja ni dobi, na nguo chafu hazimtii kinyaa. Usiku mmoja alikwenda ukumbini kumwona mwimbaji anayempenda kupita kiasi. Mwimbaji akajifuta jasho usoni, akawarushia mashabiki taulo. Dobi akalidaka. Lilikuwa vuguvugu, linateleza kama kamasi.

"Baba watoto, litupe! Linanuka mzoga!" mkewe akafoka alipofika nalo nyumbani, kaziba pua.

"Niachie mwenyewe. Nimefua machafu kuliko hili."

Akalifua mara tatu kwa maji ya moto, likakauka, akaanza kulipiga pasi. Umeme ukakatika. Akaendelea gizani kwa joto lililobaki. Pasi ikakwaruza: kwaru, kwaru, kama wembe kidevuni. Akapapasa taulo, akagusa vinywele vifupi, vigumu. Akang'oa kimoja, kikatoka na mzizi wenye ute, na taulo likashtuka.